Mama, siwezi kumwambia Kahindi aache

Brooklyn Park, Minnesota
Jumapili, 2 Novemba 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai miguu imepungua kuvimba, na zile dawa za presha unazimeza kila siku, si siku ukikumbuka tu. Huku sisi tu wazima. Baridi imeanza kuuma, wajukuu wako wameshatoa makoti kabatini.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema ndugu yangu Kahindi ameanza tena kuita watu chini ya mwembe, na kwamba tarehe 10 Agosti 2027 anataka kurudi debeni kuwania uwakilishi wadi. Mara ya tatu. Ukaniambia, "Sidi, wewe ndiye anayekusikia. Mwambie aache." Nimekaa na neno hilo wiki mbili, Mama, na kila nikishika simu nipige, nashindwa. Ndiyo maana naandika.

Ngoja nikueleze habari za mama mmoja wa mji huu ninaokaa. Aliitwa Melissa Hortman. Alikuwa mbunge wetu. Si bunge la Washington, la, ni bunge la jimbo hili la Minnesota, mfano wa vile Kahindi angekwenda kuketi bunge la kaunti pale Malindi. Aliwania mara ya kwanza mwaka 1998, wakili kijana wa miaka 28. Akaanguka. Akarudi mwaka 2002, akaanguka tena. Mwaka 2004 akarudi mara ya tatu, akashinda, na tangu hapo hakushindwa tena mpaka anakufa. Wabunge wa nyumba ile ya wawakilishi huchaguliwa kila baada ya miaka miwili, si mitano kama kwetu, kwa hiyo toka 2004 mpaka 2024 alirudi kuomba kura na kupewa mara 11. Mwaka 2019 wenzake wakamkalisha kiti cha Spika, akakikalia miaka sita.

Mimi nilihamia huku nikamkuta tayari ni Spika. Sikujua kwamba aliwahi kuanguka. Nilijua tu jina lake kwenye karatasi ya kura, na kura ya mwaka jana ndiyo ya kwanza kwangu tangu nipate uraia. Habari za 1998 na 2002 nilizisoma baada ya yeye kufa, usiku, kazini, wazee wakiwa wamelala. Nikamkumbuka Kahindi hapo hapo.

Unakumbuka nilichomwambia Agosti 2022? Alipigwa kwa kura 61. Sitini na moja, Mama, watu wanaoenea kwenye matatu nne na nusu. Ile 2017 tiketi ya chama alipokonywa usiku, akaamka asubuhi cheti kina jina la mtu mwingine. Ya 2022 akasimama bila chama, na vijana wa kukodiwa wakaipiga mawe pikapu aliyoazima. Halafu zikaja kura 61. Akanipigia analia, nami badala ya kumpa pole nikamwambia, "Huna haya? Umeuza nusu ya shamba la Mama ili watu wakucheke." Neno hilo sijawahi kumwomba msamaha. Nitamwomba, lakini nilitaka wewe ulijue kwanza, kwa sababu najua nusu ya hofu yako niliipanda mimi.

Kampeni za huku, Mama, hazina lori wala vipaza sauti. Mwaniaji anavaa viatu vya kutembelea, anashika orodha ya nyumba, anabisha hodi mlango mmoja mmoja. Ukifungua, mnaongea dakika mbili tatu: naitwa fulani, nawania kiti hiki, wewe hapa lipi linakusumbua? Wengine wanakufungia mlango usoni. Wengine hawatoki kabisa, unaona pazia linatikisika tu, unaacha karatasi unakwenda nyumba ya pili. Mwaka jana mimi na wenzangu wa kanisani tulitembea Jumamosi mbili kumsaidia Huldah Momanyi-Hiltsley, Mkenya mwenzetu aliyekuwa akiwania kiti cha jirani, wilaya ya 38A. Magoti yaliuma siku tatu. Alishinda, na ndiye wa kwanza mzaliwa wa Kenya kuingia bunge la jimbo hili. Usiku ule watu walipiga vigelegele kama harusi ya Kaloleni.

Na usidhani kiti kimoja ni kitu kidogo. Bunge hilo lina viti 134. Uchaguzi wa mwaka jana ulitoa 67 kwa 67, nusu kwa nusu, na pale Shakopee kiti kilipatikana kwa kura 14. Hebu fikiria, Mama, jimbo zima limeninginia kwenye kura 14. Ndipo nilipoacha kuziona zile 61 za Kahindi kama aibu.

Kwa nini namtetea Melissa, mwanasiasa wa watu? Kwa sababu kazi yake imeingia jikoni kwangu. Mwaka 2023 chama chake cha DFL, yaani Democrats wa hapa, kilikuwa na viti 70 bungeni, naye ndiye Spika. Wakapitisha chakula cha bure shuleni kwa watoto wote, asubuhi na mchana, bila kujali mzazi ana nini. Wanangu wanakula. Ile pesa ya chakula chao ndiyo inayokuja kwako kwa M-Pesa tarehe tano, ulikuwa hujui. Mwaka huo huo wakapitisha kwamba mtu yeyote anaweza kufanya mtihani na kupata leseni ya kuendesha gari, awe na makaratasi ya uhamiaji au asiwe nayo. Kuna mwenzangu kazini, simtaji, aliyeendesha miaka saba kwa hofu, akiona taa za polisi kwenye kioo moyo unampasuka. Oktoba ile sheria ilipoanza alikwenda kuitafuta, na alipoipata alinionyesha kadi kwenye maegesho kama mtu anayekuonyesha mtoto mchanga.

Lakini sitaki kukupambia. Tarehe 9 Juni mwaka huu kulikuja bajeti, na kwa vile bunge lilikuwa nusu kwa nusu, pande mbili zilibidi zipatane, la sivyo ofisi za serikali zingefungwa Julai. Upande wa pili ulitaka watu wazima wasio na makaratasi waondolewe kwenye bima ya afya ya jimbo. Katika wabunge wote wa DFL wa nyumba ile, ni Melissa peke yake aliyepiga kura ya kukubali, kwa sababu alikuwa ametoa ahadi kwenye mapatano. Ikapita kwa 68 dhidi ya 65. Akatoka mbele ya waandishi wa habari akalia. Yule yule mwenzangu mwenye leseni bima yake inakwisha mwisho wa Desemba, na ana kisukari. Mimi kura ile iliniuma na bado inaniuma. Nilikasirika naye siku tano nzima.

Siku ya tano ilikuwa Jumamosi, tarehe 14 Juni. Nilikuwa nakaribia kumaliza zamu ya usiku, namvalisha bibi mmoja soksi, mara simu za watu wote pale ndani zikalia kwa mpigo, ule mlio wa hatari. Ujumbe ukasema watu wa Brooklyn Park wabaki ndani, kuna mtu mwenye silaha amevaa kama polisi, msimfungulie. Mkono wa bibi nilikuwa nimeushika, nikahisi ni mimi ninayetetemeka, si yeye. Nikapiga nyumbani. Nikamwambia mwanangu mkubwa, hata wakisema ni polisi, hata wakitaja jina langu, mlango usifunguliwe. Akaniuliza, "Na ukija wewe?" Nikamwambia mimi nitaimba. Nikafika nyumbani mchana, nikaimba mlangoni wimbo wako wa kutwanga mahindi, ndipo akafungua.

Mtu yule alikwenda kwanza Champlin, mji wa jirani, saa nane za usiku, akampiga risasi seneta John Hoffman na mkewe. Mungu akawanusuru. Saa tisa unusu akawa kwa Melissa, na taa za polisi zinawaka kwenye gari. Alimuua yeye na mumewe Mark nyumbani kwao. Aliyeshtakiwa alikamatwa Jumapili usiku mashambani, na kesi ingali mahakamani.

Mlango, Mama. Mtu aliyeombea kura milangoni mwa watu miaka yote ile, kifo kikamjia mlangoni. Najua ukisoma hapa utasema, "Si nilikwambia?"

Tarehe 27 Juni walilazwa kwenye jengo la bunge, chini ya lile kuba kubwa, watu wapite kuwaaga. Ni mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo hapa. Majeneza mawili, na kando yake kasha dogo la majivu ya mbwa wao Gilbert, naye alijeruhiwa usiku ule. Kwetu mbwa kuwekwa na maiti ni jambo la ajabu, lakini nilipokiona kile kikasha ndipo machozi yalipotoka, kwa sababu ilikuwa nyumba nzima imelala pale. Foleni ilikuwa ndefu mno. Nyuma yangu alisimama yule mwenzangu wa leseni. Yule ambaye kura ya Melissa imemwondolea bima. Nilimuuliza kwa nini amekuja. Akasema, "Alinipa kimoja, akaninyima kimoja, na vyote alivifanya mchana kweupe." Hakuongeza neno mpaka tukafika mbele.

Septemba tukapiga kura tena kuziba pengo lake. Akashinda Xp Lee, mtu wa kabila la Hmong la Asia, aliyezaliwa kambi ya wakimbizi Thailand. Wiki chache kabla, watu walikuwa wakitembea mtaani kwetu na orodha zao, wanabisha hodi. Wa kwanza aliyefika kwangu, nilisimama nyuma ya mlango muda mrefu kabla sijafungua. Alikuwa binti wa chuo, jasho linamtoka. Nikampa maji.

Kwa hiyo, Mama, mimi Kahindi siwezi kumwambia aache. Hofu yako ni ya kweli, na mimi ninayo. Lakini tukimzuia, kile kiti hakitakaa wazi. Atakikalia yule mwenye vijana wa mawe.

Nitakalomwambia ni hili. Shamba lililobaki asiliguse, hata shina moja la mnazi, na hati ukaiweke kwa Mjomba Karisa wiki hii. Kukodi vijana hapana, kugawa pesa hapana, kurudi usiku peke yake hapana. Aende kwenye zile fomu za matokeo za 2022, kituo kimoja kimoja, aone zile 61 zilipotelea wapi. Nashuku ni vile vituo viwili vya ng'ambo ya barabara kuu ambako hakuwahi kukanyaga. Aanze huko, kwa miguu, sasa hivi, miaka miwili kabla, na asiombe kura, aulize shida. Mimi nitatoa shilingi elfu tano kila mwezi za viatu na nauli. Zaidi ya hapo sina.

Mpe simu Jumapili ijayo baada ya ibada, saa nane za mchana za kwenu. Huku itakuwa saa kumi na moja alfajiri, nitakuwa kazini, lakini nitatoka nje nimpokee. Msamaha wangu nataka nimwombe kabla ya mambo ya kura, nawe uwe umekaa karibu usikie.

Nakusalimia sana, wasalimie shangazi Dama na wa nyumba ya pili.

Binti yako,
Sidi