Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Karatasi za Mgomba na Vinyago vya Watoto

Ndugu wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita tulibishana sana: watoto wetu hapa Bukoba waendelee kutengeneza karatasi wenyewe, au tununue karatasi ngumu za manila waanze kuunda vinyago moja kwa moja? Tukakubaliana kujaribu mwaka mmoja zaidi. Mwaka umekwisha, nami nasimama palepale: tusinunue.

Kazi mnaifahamu. Shina la mgomba uliokwisha kuvunwa tunalikatakata, watu wazima wanalichemsha kwa magadi, kisha watoto wanalitwanga pamoja na madaftari makuukuu yaliyolowekwa. Rojo linamiminwa kwenye beseni la maji, mtoto anazamisha fremu yenye wavu wa dirisha, anaiinua taratibu, na karatasi hiyo. Madaftari peke yake hayatoshi, maana karatasi kila inaporudiwa nyuzi zake huzidi kuwa fupi. Mgomba ndio unaoipa nguvu.

Faida niliiona tulipounda ng'ombe wa Ankole. Pembe za gazeti na uji wa muhogo zilikuwa zikilegea kila tukizisimamisha. Msichana mmoja akagundua kuwa gazeti huchanika wima upande mmoja na kwenda mrama upande mwingine, ilhali karatasi aliyoitengeneza yeye huchanika vilevile kokote. Hakuna aliyemfundisha. Mashine ya kiwandani hulaza nyuzi nyingi upande mmoja. Kwenye beseni hulala ovyo. Tangu siku hiyo wakabandika vipande vya gazeti kwa kupishanisha, kila tabaka likauke kwanza. Pembe zikasimama. Mtoto wa manila angeyajulia wapi hayo?

Mvulana mwingine alisikia kwamba Cai Lun wa China, mwaka 105, alitengeneza karatasi kwa magome, vitambaa na nyavu kuukuu za kuvulia. Kesho yake akaja na wavu wa baba yake. Ulikuwa wa nailoni, haunywi maji, haukushikamana. Nilifurahi kuliko kama angefaulu.

Wakati wa masika karatasi nyingi ziliota ukungu. Kosa ni langu: niliruhusu zirundikwe stoo hazijakauka, na mvua ya Bukoba mnaijua. Sasa tunazibandika mojamoja kwenye mbao, chini ya baraza.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Ombi langu ni moja: msichome madaftari ya watoto shule zikifungwa. Yaleteni. Na leo tuamue kuhusu kinu cha pili, kwa sababu foleni ya kutwanga imekuwa ndefu mno.