Barua ya malalamiko: pistoni mliyoniuzia kuwa halisi, na jinsi mlivyonifukuza kwenye kaunta

Chavakali,
Kaunti ya Vihiga.

Kwa Meneja,
Duka la Spea za Mashine,
Kisumu.

Bwana Meneja,

MINT: KURUDISHIWA PESA ZANGU

Natumai hujambo na kazi inaendelea. Salamu zangu ziishie hapo, maana nikizirefusha nitakuwa mnafiki.

Nakala ya risiti nimeiambatisha. Masharti yenu ya kurudisha bidhaa mnayajua wenyewe; mmeyabandika ukutani kwa herufi nyekundu, na kijana wenu alikuwa ameyaegemea wakati akiniambia hamna utaratibu huo.

Mliniuzia silinda na pistoni yake, seti nzima ya msumeno wa injini, yaani pawaso, kwa shilingi 14,500. Rafu hiyohiyo ilikuwa na nyingine ya bei ya chini sana, nikaiulizia. Kijana akaniambia hiyo ni feki, wanauziwa wasiojua. "Chukua hii orijino, mama. Hutarudi hapa." Nimerudi.

Kwetu kazi imegawanyika hivi: mume wangu hukata miti, mimi hutengeneza misumeno. Yeye hata plagi ukimwachia ataifunga mpaka aharibu nyuzi za silinda. Mashine za zamani ambazo mafundi wengine wamezikataa huletwa kwangu, nyumbani, nami huziamsha. Nawaambieni haya kwa sababu huko kwenu nilihukumiwa kabla sijafungua mdomo, na nitalifikia hilo.

Seti yenu ilikata roho ikiwa ndani ya mkaratusi mkubwa uliosimama kati ya jiko la jirani na ua wa kanisa. Huku kwetu mashamba ni madogo na nyumba zimebanana, mti hauangushwi popote utakapo. Mdomo ulikuwa umeshakatwa upande wa kuangukia, mkato wa nyuma umepita nusu. Mti ukifika hapo hauwezi kuuacha ukapande matatu kwenda Kisumu kutafuta spea. Umeshikiliwa na kabari na ule ukanda mwembamba wa kati ambao haujakatwa, basi. Na ilikuwa alasiri, wingu limeshajikusanya upande wa Nandi, upepo umeanza. Jirani aliwatoa watoto nyumbani mbio, sufuria ikabaki motoni. Wanaume waliumaliza kwa msumeno wa mikono miwili, na aliyekuwa shinani, akisikiliza mti unavyolia, ni mume wangu.

Nilipofungua silinda jioni ile niliona kilichotokea. Klipu moja inayozuia pini ya pistoni ilikuwa imechomoka na kukatika, na kipande chake kimechimba mfereji wima kwenye ukuta wa silinda, sambamba kabisa na tundu la pini. Klipu ya pili ilikuwa bado mahali pake. Niliitoa nikaikunja kwa vidole. Klipu ya chuma cha springi haikunjwi kwa vidole, Bwana Meneja, na wewe unayeuza spea unalijua hilo.

Ndipo nikaja kwenu, pistoni nimeifunga kwenye kitambaa safi. Kijana aliitazama mara moja, akanitazama mimi mara mbili, akauliza, "Nani amekutuma?" Nikasema hakuna, mimi ndiye niliyeifunga. Akacheka. Akaita nyuma, akatoka msimamizi na kikombe chake cha chai. Huyo hakuuliza chochote. Alisema nilikosea kuchanganya oili, akaitupa pistoni yangu kwenye katoni ya vyuma chakavu, akaniambia nimwambie mume wangu aje mwenyewe ili waongee na mtu wa mashine.

Kuhusu oili: nilichanganya mililita 100 kwa lita 5 za petroli, yaani moja kwa hamsini, kwa kopo la kupimia, na oili ilikuwa ya misumeno. Niliinunua kwenu, angalieni risiti. Lakini hata tusibishane kwa maneno. Pistoni iliyokosa oili hukwaruzika kwanza upande wa ekzosi, unakotokea moshi, kwenye joto kali zaidi. Ya kwangu upande wa ekzosi ni laini, bado inang'aa. Jeraha liko upande wa pini. Mwanafunzi wa jua kali wa miezi michache angeliona, lakini ni lazima kwanza aangalie.

Na hilo ndilo linaloniuma, kwamba hakuangalia. Nalirudia ili lisipite kama jambo dogo. Nilimwomba aje mlangoni kwenye mwanga, hatua nne tu, nimwonyeshe ule mfereji. Alikunywa chai yake. Watu walikuwa wamejaa kaunta, wanaume watupu, na yule kijana akawauliza kwa sauti, "Jameni, nyinyi mmewahi kuona fundi wa pawaso amevaa leso?" Wakacheka, baadhi yao wateja wangu. Nikasema fundi ni mimi. Msimamizi akamgeukia mzee aliyekuwa nyuma yangu: "Sema, mzee wangu," kana kwamba nilikuwa nimeshaondoka. Pistoni yangu niliiokota mwenyewe kutoka kwenye katoni, nimeinama mbele yao wote. Mzee huyo, kwa taarifa yenu, alipewa plagi yenye shingo ndefu kupita mashine aliyoitaja. Akiwasha mashine, plagi itagongana na pistoni. Nilitaka kumwambia, nikakosa sauti.

Nilipokaa kuandika nilikuwa nadai shilingi 14,500 zangu tu. Kadiri ninavyoandika naona hazitoshi. Nataka pia malipo ya kazi ile ya mkaratusi, ambayo mwenye mti amekataa kutulipa yote, na kazi nyingine zilizokwenda kwa watu wenye mashine nzima wakati yetu ilikuwa vipande mezani. Na nataka msimamizi wenu aniombe radhi pale pale kwenye kaunta, saa za watu wengi. Simu sitaipokea.

Ibara ya 46 ya Katiba inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia ya hasara inayoletwa na kasoro zake. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sihitaji wakili wa kunisemea. Nimeshaonekana kuwa najua kusema. Seti mnayoiita halisi nitaipeleka pia kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi, pamoja na boksi lake na klipu ile inayokunjika kwa vidole, waje waihesabu iliyobaki kwenye rafu yenu.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Pistoni ninayo mimi na sitaileta tena Kisumu. Anayetaka kuikagua aje Chavakali, aulize nyumba ya fundi wa misumeno, ataonyeshwa. Aje na pesa.

Wenu,
Fundi mwenyewe.