Wauza friji za gari, tuambieni kilichomo ndani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua niseme na wauzaji wa friji ndogo za gari, zile zinazopangwa madukani Kampala kila msimu wa likizo unapokaribia. Mimi ni mpishi wa safari. Kazi yangu ni kuwapikia watu wanaolala mahemani mbugani, na chakula chao kinanitegemea mimi tangu kinapopakiwa hadi kinapoliwa. Kwa hiyo friji inayobebwa si anasa kwangu. Ni chombo cha kazi kama sufuria.

Januari iliyopita familia moja ilinichukua twende mbuga ya Kidepo, huko Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Baba mwenye gari alikuwa amenunua friji mpya, nyepesi, nzuri kwa macho, ya kuchomeka kwenye kitundu cha kuwashia sigara. Dukani aliambiwa inagandisha hadi digrii 20 chini ya sifuri. Tukapakia nyama ya mbuzi, kuku, maziwa, na sato niliowanunua na kuwasafisha mwenyewe pale mwaloni Masese. Tukapita Karuma, Gulu, Kitgum, jua likituchoma siku nzima. Jioni tulipofika Apoka, kambi iliyo ndani ya mbuga, nikafungua kifuniko, harufu ikanitangulia. Nilibonyeza mnofu wa sato kwa kidole, shimo likabaki pale pale. Mnofu wa samaki asiyeharibika huinuka ukiubonyeza. Maziwa yalikuwa yamekatika, na kuku alikuwa na utelezi chini ya mabawa. Mbugani humwagi nyama ovyo, fisi wanafuata, ikabidi tuwaombe askari wa mbuga watuonyeshe pa kuifukia. Watoto wakala posho na maharage. Kulipokucha gari halikuwaka, kwa sababu kile kiboksi kiliachwa kinanyonya betri usiku kucha, tukaomba gari jingine litusaidie kuliwasha kwa betri yake.

Ile haikuwa friza, na sidhani hata jina la friji inalistahili. Ndani yake mlikuwa na kibati kidogo tu cha umeme na feni. Umeme ukipita kwenye kibati hicho, upande mmoja unapoa na wa pili unapata moto, halafu feni inapuliza lile joto nje. Mfaransa Jean Peltier aliligundua jambo hili mwaka 1834, na ni kweli tupu. Tatizo ni kwamba viboksi vya aina hiyo hushusha joto kwa takriban digrii 20 tu kutoka kwenye joto lililopo nje, siku ambayo vimefanya kazi vizuri. Hapo ndipo mnunuzi anapopotoshwa. Kwenye boksi, tena kwa herufi ndogo, imeandikwa digrii 20 chini ya joto la nje. Muuzaji anasoma digrii 20 chini, basi. Nje kukiwa na digrii 35, ndani ni 15. Gari likiegeshwa juani madirisha yamefungwa, joto humo linapita 45, na ndani ya kiboksi ni 25 na zaidi. Nyama inataka chini ya 5.

Kwa soda za mchana mmoja kiboksi hicho kinatosha, na bei yake ni rahisi. Kiuzwe hivyo basi, kwa jina lake.

Friji inayogandisha kweli barabarani ni ya kompresa, yaani pampu inayobana gesi ya kupozea, kama ya nyumbani, ila imetengenezwa itumie umeme wa betri wa volti 12. Zipo za Dometic ya Sweden, Engel ya Japani, ARB ya Australia, National Luna ya Afrika Kusini, na nyingine nyingi za bei nafuu kutoka China ambazo si mbaya zote. Huhitaji kuwa fundi ili kuitambua. Inyanyue: ya lita 40 yenye kompresa ni mzigo wa zaidi ya kilo 10, kile kiboksi kingine unakibeba kwa mkono mmoja. Igeuze usome kibandiko cha nyuma: ya kompresa lazima itaje gesi iliyomo, kwa kawaida R134a au R600a. Isipotaja gesi yoyote, irudishe kwenye rafu. Kisha mwombe muuzaji aichomeke kwenye betri hapo hapo dukani na aweke kikombe cha maji ndani. Nenda kanywe chai. Ukirudi baada ya saa moja, namba ya kwenye kioo iwe imekaribia sifuri au imeshuka chini yake. Muuzaji akikataa jaribio hilo, ameshakujibu.

Ukubwa hauniumizi kichwa sana. Familia ya watu wanne au watano inatosheka na lita 40 hadi 50. Kinachowaangusha watu ni betri, na habari hii wauzaji hawaigusi kabisa, ingawa hesabu yake ni ya darasa la nne. Kompresa ndogo ikiwa inanguruma hula kama wati 45, yaani chini kidogo ya ampea 4. Haingurumi muda wote. Ikifikia ubaridi wake inapumzika, na kwenye joto la Karamoja chukulia inafanya kazi nusu ya muda. Hiyo ni kama ampea 2 kila saa, karibu ampea-saa 45 kwa siku nzima (ampea-saa ni ampea ukizizidisha kwa saa, ndicho kipimo cha akiba ya betri). Betri ya kawaida ya gari ni kama ampea-saa 70, na betri ya tindikali ukiishusha chini ya nusu unaiua. Kwa hiyo una 35 tu za kutumia. Gari likisimama kutwa na kucha, hazifiki. Na kile kiboksi cha kibati, ambacho hakipumziki, kinakula ampea 4 saa 24: karibu 96. Ndiyo maana gari lilitulalia Apoka.

Ukitaka kukaa mahali pamoja siku mbili tatu, weka betri ya pili ya kazi hiyo tu, ichajiwe na altaneta, yaani kile chombo cha injini kinachozalisha umeme, mkiwa njiani, na iwe na kifaa cha kuitenganisha na betri ya gari injini inapozimwa. Betri ya lithiamu ni ghali zaidi lakini unaweza kuitumia karibu yote. Au beba paneli ya sola. Ya wati 100 juani hasa inarudisha kama ampea-saa 30 kwa siku, ya wati 150 inaelekea kutosha kabisa, na sisi wa ikweta Mungu ametujalia jua lisilobadilika sana mwaka mzima. Mafundi wa magari wa soko la Kiseka, Kampala, wakufungie waya mnene wa milimita 6 za mraba kutoka kwenye betri hadi nyuma, na fyuzi ikae karibu na betri. Waya ule mwembamba wa kitundu cha sigara hupoteza volti njiani, na friji inazima ikidhani betri imekwisha. Friji nzuri ina ulinzi wa betri wa ngazi tatu. Kama umeichomeka kwenye betri inayowasha gari, weka ngazi ya juu, ili izime mapema ikuachie nguvu ya kuwasha.

Kuna zenye vyumba viwili, kimoja cha kugandisha na kimoja cha kupoza. Nazipenda, lakini ni nzito na zinakula umeme zaidi. Nikiwa na chumba kimoja nagandisha nyama nyumbani kwa umeme wa ukutani, iwe jiwe, naipanga chini kabisa, mboga na maziwa juu, halafu naweka digrii 3. Nyama inayeyuka polepole huku ikisaidia kupoza vingine. Ila jambo moja sina mzaha nalo. Akiwapo mgonjwa wa kisukari, insulini yake inataka kati ya digrii 2 na 8, na ikiganda mara moja imeharibika hata ikiyeyuka tena. Mimi huiweka kwenye kopo lenye kitambaa, juu kabisa, mbali na ukuta wa friji, pamoja na kipimajoto kidogo ninachokiangalia kila ninapopika.

Friji zinazopoza kwa moto wa gesi ya kupikia, zilizoanzia kwa Waswidi wawili mwaka 1922, von Platen na Munters, ni kimya na zinafaa mahali pa kukaa muda mrefu. Lakini zinataka kusimama sawasawa, jambo lisilowezekana kwenye barabara za marram za Kaabong, na gesi haiwashwi ndani ya gari lililofungwa wala hemani. Moshi wake unaua.

Na si kila mtu anunue. Anayekwenda Ziwa Mburo kulala usiku mmoja au miwili, au Sipi kwenye baridi ya Mlima Elgon, anatosheka na sanduku zuri la barafu lenye kuta nene. Vipande vikubwa vya barafu kama vile wanavyotumia wauza samaki vinakaa kuliko vile vidogo vya kwenye glasi. Mwaga maji yakijaa, usilifungue ovyo, lifunike blanketi. Pesa iliyobaki jazia mafuta.

Ombi langu kwa wenye maduka ni dogo. Bandikeni karatasi mbele ya kila moja, kwa Kiswahili na kwa Kiganda: ina kompresa au haina, inakula ampea ngapi, na inagandisha au inapoza tu. Na ndugu zetu wa UNBS, wakaguzi wa viwango, mnapokagua bidhaa madukani, someni na hayo maandishi madogo ya kwenye boksi mlinganishe na anayoyasema muuzaji. Krismasi inakuja, na familia nyingi zitapakia nyama ya kuwalisha watoto wao kwenye viboksi hivi kuelekea kaskazini, kwenye joto.

Mpishi wa safari,
Walukuba, Jinja