Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama: wasanifu na wahandisi wa maghorofa ya makazi

Ndugu wanachama,

Kwa heshima naomba kuwasilisha taarifa ya mwaka unaoisha. Kamati tendaji ilikaa vikao 9, semina zilikuwa 3, tulitembelea majengo 4, na rasimu ya mwongozo ilizungushwa kwenu mara mbili. Hayo mnayajua na kumbukumbu mnazo, sitayarudia.

Niende kwenye lililozua maneno: kuondoa miti ya balkoni kwenye mfano wetu wa jengo la ghorofa 16. Imesemwa kwamba mwenyekiti anachukia miti na kwamba kamati iliamua kwa siri. Si kweli. Taarifa ya kikao ilitoka siku 21 kabla. Kati ya wanachama 68 walifika 17. Nilieleza michoro yote, ukurasa kwa ukurasa, mbele ya viti vitupu. Waliokuja juu baadaye sikumwona hata mmoja wao siku hiyo.

Jengo linalotajwa kila mara ni Bosco Verticale la Milan, Italia, minara miwili ya makazi yenye miti kwenye balkoni, lililokamilika 2014, nami naliheshimu. Lakini mita moja ya ujazo ya udongo wa kawaida ukilowa hukaribia tani 2. Mzigo huo ukikaa kwenye ncha ya balkoni, zege linaongezwa unene, nondo zinaongezwa, nguzo zinanenepa hadi msingini. Saruji hiyo yote imeshatoa hewa ukaa kabla mkazi wa kwanza hajahamia. Huko juu upepo ni mkali: miti hufungwa ising'oke, na watunza bustani huning'inia kwa kamba ili kuipogoa. Mimea yetu haijafutwa, imehamia kwenye paa na uani, ambako mkazi anaweza kuimwagilia mwenyewe.

Isitoshe, tunasanifu kwa hali ya hewa ya wastani. Saa nyingi za mwaka hewa ya nje ndiyo hiyo hiyo mkazi anayoitaka ndani, kazi yetu ni kuipitisha. Madirisha yakiwa upande mmoja, hewa hufika kina cha takriban mara 2.5 ya kimo cha dari. Yakitazamana, hufika mara 5. Kwa dari ya mita 2.7, hiyo ni chini kidogo ya mita 7 dhidi ya mita 13 na nusu. Katika ziara ya tatu nilishika uzi wa kushonea katikati ya sebule, dirisha pekee likiwa wazi. Ulining'inia wima. Mwenzetu alipofungua mlango wa korido, uzi ukalala kuelekea mlangoni. Hapo ndipo nilipopendekeza, na wazo hilo ni langu, kila ghorofa iwe na nyumba 4 tu, zote za kona, kila moja na madirisha pande mbili.

Vioo navyo tulivipunguza. Mashariki na magharibi jua huingia likiwa chini, balkoni ya juu hailizuii, ndiyo maana tumeweka shata za mbao, yaani vifuniko vya madirisha, kwa nje. Si kwamba vioo havifai popote: kule Grand Parc, Bordeaux, Ufaransa, wasanifu Lacaton na Vassal na wenzao hawakubomoa nyumba 530 za zamani. Waliziongezea balkoni na vyumba vya vioo huku wakazi wakiendelea kuishi humo, na kazi hiyo ikapata tuzo ya usanifu ya Ulaya, ya Mies van der Rohe, mwaka 2019.

Kuhusu ada, wanachama 29 wamekamilisha, 17 wamelipa nusu, 22 hawajatoa chochote kwa mwaka wa pili sasa. Hali hii inaniumiza. Programu ya kupima joto la jengo tumeshindwa kuinunua. Hesabu za mfano nimezifanya usiku, kwa kompyuta yangu.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kukamilisha mwongozo, kuangalia suala la maji ya mvua, na pengine kupata kiwanja cha kujengea mfano. Michoro yote ipo kwa katibu. Mwenye hoja juu ya miti aje nayo kikaoni.

Wenu katika ujenzi,
Mwenyekiti