George McGovern alikuwa rubani wa vita kabla ya kuwa mtetezi wa amani

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu chakula cha mchana shuleni ilimtaja George McGovern kwa sentensi moja tu: kwamba alikuwa seneta wa Marekani aliyepinga vita vya Vietnam, akashindwa vibaya na Richard Nixon katika uchaguzi wa mwaka 1972. Ni kweli, lakini msomaji kijana atabaki akidhani kwamba mtu huyu alichukia vita kwa kuwa hakuwahi kuviona, na wapinzani wake walifaidika sana na dhana hiyo walipomwonyesha kuwa mtu dhaifu. Naomba nafasi ya kueleza utumishi wake wa vitani.

McGovern, mtoto wa mchungaji wa Kimethodisti kutoka South Dakota, alijifunza kurusha ndege akiwa mwanafunzi wa chuo, na mwaka 1943 akaitwa jeshini. Alipofika Italia mwaka 1944 alikuwa na miaka 22, huku mkewe, Eleanor, akiwa mjamzito nyumbani. Ndege yake ilikuwa B-24 Liberator ya injini nne, ambayo aliiita Dakota Queen (Malkia wa Dakota) kwa heshima ya mkewe. Kutoka uwanja uliokuwa karibu na mji wa Cerignola, kusini mwa Italia, yeye na wenzake walirushwa kwenda kupiga viwanda vya kusafishia mafuta, njia za reli na viwanda vya silaha vilivyowahudumia Wajerumani katika Austria, Czechoslovakia na Ujerumani kwenyewe. Sisi tuliozoea ndege za abiria yafaa tukumbuke kwamba ndani ya ile watu walivaa barakoa za oksijeni katika baridi kali ya chini ya sifuri, na usukani wake ulikuwa mzito wa kuchosha mikono. Walipoikaribia shabaha, rubani hakuwa na ruhusa ya kukwepa mizinga, kwa maana akipinda, mabomu yangekwenda kombo.

Desemba 1944, wakati wa safari ya kushambulia viwanda vya silaha vya Skoda mjini Pilsen, Czechoslovakia, injini moja ilizimika na nyingine ikapigwa. Kwa kuwa hakuweza kurudi kituoni, aliishusha ndege katika kisiwa kidogo cha Vis, kwenye Bahari ya Adriatiki, ambako njia ya kutulia ilikuwa na futi 2,200 tu, na watu wake wote wakatoka hai. Kwa kazi hiyo alitunukiwa nishani ya Distinguished Flying Cross. Safari yake ya 35, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho, ilikuwa ya mji wa Linz, Austria, tarehe 25 Aprili 1945, na alirudi na ndege iliyotobolewa mahali pengi na vipande vya makombora.

Hata hivyo, tukio ambalo halikumtoka moyoni ni la mwezi Machi mwaka huo. Bomu lilikwama tumboni mwa ndege, na kwa kuwa kutua nalo kungewaua wote, wenzake walilihangaikia mpaka likachomoka, likaangukia nyumba ya shamba nchini Austria. Ilikuwa adhuhuri, na yeye aliyekulia katika jimbo la wakulima alijua kwamba saa ile familia huwa zimekaa mezani. Alipofika kituoni alipokea habari kwamba amezaliwa binti yake wa kwanza. Alikaa na uchungu huo kwa miaka 40, hadi mwaka 1985 alipousimulia katika televisheni ya Austria, na mkulima mmoja akapiga simu kusema kwamba shamba lile lilikuwa lake, kwamba aliiona ndege ikija, akaikimbiza familia yake mtaroni, na hakuna aliyeumia. Alisema alimchukia Hitler, na kama bomu lile lilifupisha vita hata kwa saa moja, basi hakujutia nyumba yake.

Mtu huyu ndiye aliyewaambia maseneta wenzake mwezi Septemba 1970 kwamba ukumbi wao unanuka damu ya vijana waliopelekwa Vietnam. Katika kampeni ya 1972 hakupenda kuutumia ushujaa wake kuombea kura, na kwa maoni yangu ukimya huo ulimgharimu sana.

Hata habari ya chakula inaanzia huko. Baada ya Wajerumani kusalimu amri, McGovern alirusha ndege zilizopeleka chakula kwa watu wenye njaa barani Ulaya. Mwaka 1961, akiwa mkuu wa mpango wa chakula wa Rais Kennedy, alitoa pendekezo lililozaa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Mpango wa McGovern na Dole, uliowalisha wanafunzi wa Kenya, Tanzania na Rwanda, una jina lake pamoja na la seneta mwenzake Bob Dole, aliyejeruhiwa vibaya huko huko Italia mwezi Aprili 1945. Mtakapoandika tena juu ya chakula hicho, naomba mwandishi wenu aeleze pia kwamba watu hao wawili walikuwa askari.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa historia,
Musoma