Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wajumbe wa kamati, ndugu wanachama wa chama chetu cha waandishi,

Mikutano ya kila mwezi ilifanyika, ukiacha miwili iliyoahirishwa kwa kukosa akidi. Warsha ya uhariri ilifanyika. Usomaji wa hadithi fupi ulifanyika. Mnayajua hayo, sitayarudia.

Nije kwenye Julai. Yamesemwa mengi, mengine pembeni, kwamba mwenyekiti aliihamisha changamoto ya riwaya ya mwezi mmoja, ile ya kuandika maneno 50,000 ndani ya mwezi, kutoka Novemba hadi Julai kwa matakwa yake. Uamuzi ulikuwa wa kamati. Pendekezo lilikuwa langu, na silikani. Wanaodai Novemba ndiyo asili yake wajue kwamba Chris Baty, mwanzilishi wa changamoto hiyo, na wenzake, watu 21 wa eneo la San Francisco huko Marekani, waliianza Julai 1999. Novemba ilikuja mwaka uliofuata. Tena Julai ina siku 31, kwa hiyo maneno 50,000 yanakuwa kama 1,613 kwa siku badala ya 1,667. Ama hoja kwamba tumejitenga na dunia, shirika lililokuwa likiendesha changamoto hiyo duniani, NaNoWriMo, lilitangaza Machi 2025 kuwa linafunga shughuli zake. Tulitakiwa kumsubiri nani?

Walijiandikisha 38, waliovuka 50,000 ni 7, 12 waliishia katikati, na waliobaki hawajaleta hesabu hadi leo. Novemba iliyopita walimaliza 8, kwa hiyo kosa si la mwezi. Watu hukwama wiki ya pili, pale hamasa inapokwisha na mhusika mkuu bado kasimama mlangoni hajui aingie au atoke. Kila jioni nilituma jedwali la maneno kwenye kundi. Kuna siku nilijijibu mwenyewe.

Lipo pia lalamiko kuhusu mwenzetu aliyeandika kwa kalamu kwenye madaftari. Mimi na katibu tulihesabu maneno ya kurasa kumi, tukachukua wastani, tukazidisha. Anayeuita huo upendeleo madaftari yapo kwa katibu, aje ayahesabu neno kwa neno.

Tulikodi ukumbi ili tuandike pamoja kila Jumamosi. Jumamosi ya tatu tulikuwa mimi, mhazini na mlinzi wa jengo, naye hakuwa mshiriki. Kati ya wanachama 52, waliokamilisha ada ni 19. Pengo la kodi ya ukumbi nililiziba kwa fedha zangu, na risiti zipo. Inashangaza kwamba baadhi ya wanaolalamika zaidi majina yao hayaonekani kwenye kitabu cha mhazini.

Mwakani, panapo majaliwa, tunatarajia kupata mhariri wa kujitolea, na huenda tukachapisha mswada mmoja au miwili hali ikiruhusu. Suala la mwezi kamati italitazama kwa wakati muafaka. Mhazini yupo mlangoni na kitabu chake cha stakabadhi.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti