Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuhamia, jueni barua pepe za ofisi ziko wapi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya wasomaji nizungumzie jambo linalozigusa ofisi ndogo nyingi: shule, zahanati, vyama vya akiba na mikopo, maduka ya vifaa. Tarehe 31 Desemba 2024 Microsoft iliacha kuihudumia Mail, programu ya barua pepe iliyokuja na Windows 10 na 11, na tangu hapo programu hiyo haitumi wala haipokei barua. Anayeifungua anaelekezwa kwenye Outlook mpya, programu nyingine ya barua pepe ya Microsoft. Wengi wanabonyeza kitufe na kuendelea na kazi. Ninaomba wasibonyeze kwanza. Watafute majibu ya maswali mawili: barua zetu ziko wapi leo, na programu mpya itazipeleka wapi?

Jibu la swali la kwanza limo kwenye mipangilio ya akaunti ya programu ya zamani, mahali palipoandikwa aina ya seva ya kupokelea, yaani kompyuta ya mtoa huduma inayopokea barua zenu. Ikiwa ni IMAP, barua zenyewe zimo kwenye seva na kilichomo kwenye kompyuta ni nakala. Hapo kuhama ni kazi ya dakika chache: unaweka akaunti kwenye programu mpya, barua zinashuka zenyewe. Ikiwa ni POP, huenda programu ilikuwa ikizichukua barua na kuzifuta kule zilikotoka, kama karani anayeondoa kila kitu kwenye sanduku la posta na kwenda nacho nyumbani kwake. Barua za miaka kadhaa zinaweza kuwa kwenye diski ya kompyuta hiyo moja tu. Msiisanidue programu hiyo, wala msikubali fundi asakinishe Windows upya, mpaka barua hizo zitolewe.

Swali la pili ndilo linalosahaulika zaidi. Ukiweka akaunti ya IMAP isiyo ya Microsoft kwenye Outlook mpya, mfano ile ya anwani ya shule inayoishia na .ac.tz, programu haiwasiliani na seva yako moja kwa moja. Barua hupitia seva za Microsoft na nakala zake huwekwa huko, pamoja na kibali au neno la siri la kuzifikia. Novemba 2023, baada ya wanahabari wa teknolojia wa Ujerumani kulianika jambo hili, Ulrich Kelber, aliyekuwa Kamishna wa Ulinzi wa Data wa nchi hiyo, alieleza wasiwasi wake hadharani. Sisemi kuna wizi hapo. Microsoft yenyewe huonyesha taarifa ya kuomba ridhaa wakati wa kuweka akaunti. Lakini zahanati inayotumiwa majibu ya vipimo kwa barua pepe inapaswa kuisoma taarifa hiyo kabla ya kukubali. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina sheria yake ya 2019. Zote mbili zimeweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi.

Kwa ofisi nyingi za aina hii, chaguo ninalolipendekeza ni programu ya barua pepe iitwayo Thunderbird. Toleo lake la kwanza kamili lilitoka Desemba 2004, msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua, na gharama zake hulipwa kwa michango ya watumiaji. Ni bure hata kwa biashara. Huzungumza na seva yako moja kwa moja, na barua huziweka kwenye faili za maandishi za aina ya mbox ambazo programu nyingine nyingi zinaweza kuzisoma. Sifa hii ya mwisho ndiyo ninayoithamini kuliko zote, kwa kuwa hakuna programu inayodumu milele. Eudora, programu ya barua pepe iliyopendwa sana miaka ya 1990, iliachwa na kampuni yake, Qualcomm, mwaka 2006, lakini kwa kuwa barua zake zilikuwa maandishi ya kawaida, watumiaji waliweza kuhama nazo. Kilichowasumbua ni viambatisho: Eudora iliviweka kwenye folda ya pembeni, na aliyehamisha barua bila folda hiyo aliviacha nyuma.

Kuweka akaunti hakuna ugumu. Andika jina, anwani na neno la siri, na Thunderbird hujaribu kuzitafuta seva yenyewe. Ikishindwa, jaza kwa mkono namba ya poti (mlango wa mawasiliano kwenye seva) na aina ya ulinzi wa mawasiliano: kupokea kwa IMAP ni poti 993 yenye SSL/TLS, kutuma ni poti 465 yenye SSL/TLS, au 587 yenye STARTTLS. Ikiwa barua zinaingia lakini hazitoki, anza kutazama hapo kwenye kutuma, maana mara nyingi mtu ameacha poti 25, ambayo watoa huduma wengi wa intaneti huifunga ili kuzuia barua taka.

Kwa Gmail na Outlook.com, neno la siri la kawaida halipokelewi tena. Google ilifunga njia hiyo kwa akaunti binafsi Mei 2022, na Microsoft ikafanya hivyo kwa Outlook.com Septemba 2024. Ndiyo sababu Windows Live Mail, programu ya zamani zaidi ya Microsoft ambayo bado imo kwenye kompyuta kadhaa za Windows 7 ingawa iliachwa Januari 2017, hukataliwa hata neno la siri likiwa sahihi. Katika Thunderbird chagua uthibitishaji wa OAuth2. Litafunguka dirisha la Google au Microsoft, utaingia humo, na programu itapewa kibali chake. Dirisha likibaki jeupe au likijirudia bila kumaliza, hakikisha vidakuzi (cookies) vimeruhusiwa kwenye mipangilio ya faragha ya Thunderbird.

Sasa bando. Thunderbird huanza kwa kupakua barua zote za IMAP, na kwa akaunti ya GB 10 inayotumia modemu ya simu, bando la mwezi linaweza kwisha kabla ya saa ya chakula. Ingia mipangilio ya akaunti, sehemu ya usawazishaji na hifadhi, uagize zipakuliwe barua za siku 30 za karibuni tu, na zinazozidi kiasi fulani, tuseme KB 500, zisipakuliwe mpaka uzifungue. Anayetumia Gmail aingie pia Gmail kwa kivinjari, kwenye mipangilio ya lebo, aondoe alama inayoruhusu folda ya barua zote kuonekana kwenye IMAP. Bila hivyo barua moja inaweza kushushwa mara mbili, kwenye kikasha na kwenye folda hiyo.

Wenye barua za POP wana kazi zaidi. Windows Live Mail huweka kila barua kwenye faili lake lenye mwisho wa .eml, ndani ya folda iliyofichwa ya AppData. Nakili folda yote kwenye diski ya nje, sakinisha kwenye Thunderbird kiongezi kiitwacho ImportExportTools NG, kisha bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya folda za ndani (Local Folders) za Thunderbird na uziingize humo faili zote za .eml pamoja na folda ndogo. Anwani zihamishe peke yake kwa faili la CSV, yaani jedwali la maandishi, na wakati wa kuziingiza linganisha safu moja moja, la sivyo namba za simu zitakaa kwenye majina. Kwa ile programu ya Windows 10, barua zilizobaki humo hutolewa kwa kufungua moja moja na kuihifadhi kama faili. Inachosha. Anzeni na mikataba, risiti na barua za serikali.

Ikiwa seva yenu ina nafasi, barua za zamani zikishaingia Thunderbird mnaweza kuziburuta hadi folda ya IMAP ili zirudi kwenye seva. Fanyeni kwa mafungu ya barua mia chache. Akaunti za ofisi za Google zina kikomo cha kupandisha MB 500 kwa siku kwa IMAP. Ukikivuka, unaweza kufungiwa kwa muda, na asiyejua sababu hudhani programu imeharibika.

Kuna mambo matatu yanayoharibu kazi baadaye. Folda ya mbox ni faili moja kubwa, na barua uliyofuta huendelea kukaa humo mpaka uibane folda, amri iliyopo kwenye menyu ya faili. Antivairasi nayo ikikuta kirusi kwenye barua moja inaweza kulifungia faili lote, na kikasha kikaonekana kitupu. Ielekezeni isiguse folda ya wasifu wa Thunderbird, yaani ile inayohifadhi barua na mipangilio yake, ila iendelee kukagua viambatisho vinapofunguliwa. Na unaponakili wasifu huo kwa akiba, funga Thunderbird kwanza. Flashi iliyoumbizwa kwa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, kwa hiyo iumbizeni kwa exFAT kabla ya kuweka chochote ndani yake.

Kompyuta ikitumiwa na watu zaidi ya mmoja, wekeni nenosiri kuu la Thunderbird, linalolinda maneno ya siri yote iliyoyahifadhi. Bila hilo, yeyote aliyekaa mbele ya mashine huweza kufungua orodha ya maneno ya siri yaliyohifadhiwa na kuyasoma.

Programu nyingine zipo. eM Client ina sura nzuri na kalenda inayofanya kazi vizuri, lakini toleo lake la bure ni la matumizi binafsi, kwa akaunti mbili. Duka la dawa linalolitumia kibiashara linavunja leseni. Claws Mail ni nyepesi sana na inaifaa kompyuta ya zamani, ila haiandiki barua zenye rangi na mapambo. Wenye Windows 7 wajue kwamba Thunderbird 115 ndiyo ya mwisho kwao. Ofisi ambayo tayari iko Microsoft 365 haina sababu ya kuikimbia Outlook, kwa kuwa barua zake ziko huko huko tangu mwanzo.

Mkimaliza, tumeni barua moja kutoka Thunderbird na moja kutoka simu, kisha mwangalie kama zote mbili zinaonekana kwenye folda moja ya zilizotumwa. Zisipoonekana, simu na kompyuta zinatumia folda tofauti kwenye seva. Rekebisheni kwenye mipangilio ya nakala, palipo chaguo la mahali pa kuweka barua zilizotumwa. Hesabuni pia barua za kila folda kwenye programu ya zamani na mpya. Idadi isipolingana, kompyuta ya zamani isifutwe wala kuuzwa.

Fundi wa kompyuta,
Tanga